Nimeacha chipsi mayai miezi mitano, kichwa kimetulia. Au najidanganya?

Bachela wa Tabata (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu. Naomba uzi huu usihamishiwe jukwaa la mapishi. Nitataja dagaa sana, lakini ninachozungumzia ni kichwa.

Mwaka jana mwezi wa nane nilihamia chumba kimoja Tabata baada ya mimi na mwenzangu kushindwana. Nilitoka na begi, godoro na pasi. Jiko alibaki nalo yeye, na ni haki yake, maana mimi na lile jiko hata tulikuwa hatujuani. Natunza stoo ya vipuri Kariakoo, natoka nyumbani saa 12 asubuhi, narudi saa 3 usiku. Asubuhi chai ya rangi na chapati mbili kwa mama ntilie. Mchana soda na andazi. Nikizidiwa na usingizi, naongeza kile kinywaji cha kopo cha kuchangamsha mwili, siku nyingine makopo mawili. Usiku chipsi mayai ya pale kona. Ilifika mahali muuza chipsi akiniona navuka barabara anavunja mayai bila kuniuliza.

Kufika mwezi wa kumi na moja sikuwa mimi. Nalala saa 7 usiku, saa 10 nimeamka, moyo unakimbia kama nafukuzwa. Nafokea wateja. Siku moja mteja aliniuliza bei ya plagi mara mbili, machozi yakanilengalenga. Plagi, wakuu! Jumapili nashinda kitandani natazama feni inavyozunguka.

Desemba nikaenda kwa mama, Sengerema. Mama hakuniuliza kitu. Alinitazama tu pale stendi akasema "umekonda shingo". Asubuhi uji wa ulezi. Mchana ugali wa dona na dagaa, au furu kama wamepatikana, na matembele. Saa 1 usiku sinia liko chini, tunanawa, tunakula, wajomba wanabishana mpira. Wiki ya pili nililala usiku kucha bila kushtuka. Nikafikiri nimeumwa.

Nilirudi Dar na debe la dagaa na mwiko ambao mama aliniwekea kwenye begi bila kusema neno. Nikanunua mtungi mdogo wa gesi na sufuria mbili. Jumapili nachemsha maharage ya siku tatu (sina friji, kwa hiyo kila jioni nayachemsha upya yasichache). Dagaa nawakata vichwa, nawakaanga na nyanya, kitunguu na limau. Mchicha dakika tatu tu. Kopo la kuchangamsha nimeacha. Ni mwezi wa tano sasa, nalala, sifokei watu.

Swali langu: ni chakula kweli, au ni mambo mengine nayasingizia chakula?

Dogo Kibiriti

Chai hii mbona haina tangawizi.

Mkuu kwa kifupi umekosa mke. Oa, utapikiwa, sonona (huo ugonjwa wa huzuni nzito) itakimbia yenyewe. Uzi ufungwe.

Mzee wa Ukoko

Naweka kambi hapa. Ngoja waje wataalamu.

Lishe Kwanza

Mimi ni afisa lishe, wilaya sitaitaja. Ngoja nijibu kwa urefu, maana mada hii ina uongo mwingi.

Kwanza lile la "asilimia 90 ya serotonini inatengenezwa tumboni, kwa hiyo kula ndizi ufurahi". Serotonini ni kemikali ya mwili inayohusishwa na hisia zetu, na nyingi kweli inatengenezwa tumboni. Ila hiyo ya tumboni haivuki kuingia kwenye ubongo, ubongo unatengeneza yake. Ndizi ni nzuri, kuleni, lakini msitarajie ikuondolee huzuni kabla hujatupa ganda.

Sasa kuna utafiti ambao mimi nauheshimu. Ulifanyika Australia chini ya Profesa Felice Jacka, ukachapishwa 2017. Watu 67 wenye sonona, ya kati mpaka kali, ambao mlo wao ulikuwa mbovu. Kundi moja likawa linakutana na mtaalamu wa lishe na kubadilisha mlo: mboga, matunda, nafaka zisizokobolewa, jamii ya kunde, samaki, njugu, mafuta ya zeituni, na kupunguza vitamu na vya kukaanga. Kundi la pili likapewa mtu wa kupiga naye gumzo tu, kwa idadi ileile ya vikao. Baada ya wiki 12, karibu theluthi ya kundi la mlo (asilimia 32) walikuwa wameshuka chini ya kiwango cha sonona. Kundi la gumzo, asilimia 8.

Kabla hujakimbilia sokoni: watu 67 ni wachache, kila mmoja alijua yuko kundi gani, na wengi wao walikuwa wakiendelea na dawa au ushauri nasaha. Mlo uliongezwa juu ya tiba, haukuchukua nafasi yake. Pia hawakupima dagaa na matembele. Hapo mimi ndiye ninayesema kwamba dona, maharage, mchicha, dagaa na karanga vinakaa kwenye fungu lilelile.

Kwa hali yako Bachela, mimi ningeanza na yale makopo. Kafeini iliyomo humo huchukua kama saa tano kupungua nusu tu mwilini. Ukinywa saa 11 jioni, saa 4 usiku nusu yake bado iko kazini. Moyo kukimbia, kushtuka alfajiri, hasira za karibu: mtu anaweza kuyapata hayo bila ugonjwa wowote wa akili, kwa kopo na usingizi wa saa tatu.

Kaka Mkubwa

Nimesoma kwa makini na nimekasirika kidogo, nisamehewe.

Mdogo wangu alikuwa na sonona. Nilipofungua mlango wa chumba chake nilikuta sufuria ya wali imeota ukungu wa kijani, mfuniko umegeuzwa kuwa kisahani cha majivu. Alikuwa mpishi mzuri kuliko dada zetu. Kilichotangulia ni ugonjwa, kuacha kupika kukafuata. Mtu aliyezama hawezi kumenya kitunguu. Hawezi kusimama dakika kumi jikoni. Leo mnamwambia "pika mchicha utapona", na mchicha akishindwa kuupika anajiona mzembe mara mbili.

Ndugu zetu walimletea asali, habbat soda, mlonge na maombi. Miezi sita. Kilichomtoa ni daktari wa akili na vidonge alivyomeza mwaka mzima. Alipoanza kupata nafuu, siku moja nilimkuta anakuna nazi. Hapo ndipo nilipolia mimi.

Bachela, swali la heshima: ulipokuwa kwa mama, ni ugali tu uliokutibu?

Bachela wa Tabata

Kaka Mkubwa umenishika pabaya.

Sikuandika yote. Kabla ya kwenda Sengerema nilikwenda hospitali, nikaongea na daktari. Alinipa vidonge, akaniambia vitachukua wiki kadhaa kuonyesha kazi. Vidonge nilikuwa navimeza kwa mama, nimevificha kwenye soksi. Niliona aibu kuandika hapa, nikaona dagaa wanasomeka vizuri zaidi. Bado navimeza, nina kliniki mwezi ujao, na sipunguzi hata kimoja mpaka aseme yeye.

Kwa hiyo hesabu ni ngumu. Kulikuwa na vidonge, kulikuwa na mama, hakukuwa na makopo, hakukuwa na bosi. Na dagaa.

Lishe Kwanza

Asante kwa kusema. Kaka Mkubwa yuko sahihi kabisa, barabara hii inapita pande mbili: sonona inaua hamu ya kula na nguvu za kupika, na kula vibaya kunamrudisha nyuma aliyekuwa anapanda. Anayeanza kuwaza kifo asiulize jukwaani ale nini. Aende hospitali leo, na asiende peke yake.

Mwalimu Chaki

Nichangie la historia, maana hapa kuna kisa cha chakula kuharibu akili moja kwa moja, bila methali.

Mwanzoni mwa karne iliyopita hospitali za wagonjwa wa akili kusini mwa Marekani zilikuwa na watu wengi wenye ugonjwa uitwao pelagra. Ngozi inababuka, tumbo linaharisha, kisha akili inachanganyikiwa. Wakubwa wakasema ni maambukizi. Mwaka 1914 serikali ikampa kazi hiyo Dk. Joseph Goldberger. Akagundua kitu ambacho mama yeyote angekiona: wagonjwa wanaugua, wahudumu wanaolala jengo hilohilo hawaugui. Maambukizi gani yanachagua cheo? Akatazama sahani. Maskini walikuwa wakila unga wa mahindi, sharubati ya miwa na mafuta ya nguruwe, basi. Kuthibitisha kwamba hauambukizi, yeye na wenzake walijidunga damu ya wagonjwa. Hakuna aliyeugua. Kilichokuwa kinakosekana kilijulikana 1937: niasini, mojawapo ya vitamini B. Kwenye mahindi ipo lakini imefungwa, mwili hauipati. Watu wa Mexico walioanza kulima mahindi huyachemsha na chokaa, na chokaa ndiyo inayoifungua. Mahindi yalipovuka bahari, ujuzi ule haukupanda meli.

Msiseme ni mambo ya zamani. Mwaka 1990 wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa Malawi walipata pelagra, zaidi ya 17,000, baada ya karanga kukosekana kwenye mgao wao wakabaki na mahindi. Karanga tu. Zile ambazo bibi zetu walitwanga wakaunga kwenye kisamvu na mlenda bila kusoma kitabu.

Kwa hiyo anayesema chakula hakigusi akili, aende taratibu.

Dogo Kibiriti

Kwa hiyo sembe inatufanya vichaa? Naanza kuelewa ofisi yetu.

Mwalimu Chaki

Hapana, Dogo. Anayekula sembe na maharage, samaki, maziwa au karanga hana haja ya kuogopa. Hatari ni unga peke yake, miezi na miezi. Ila dona ni bora, kiini na pumba vimebaki ndani. Liwe jipya tu, halikai sana kabla ya kuwa chungu.

Mama wa Wanne

Nimesoma uzi wote nikiwa jikoni, nasubiri makande yaive.

Bachela, nakupongeza kwa moyo mmoja. Lakini wewe na Dogo Kibiriti naomba mnisikilize. Unapika sufuria mbili, mtu mmoja, Jumapili, redio imewashwa. Kwako jiko limekuwa dawa. Mimi napikia watu wanane mara tatu kwa siku, mwaka wa kumi na tatu. Naamka saa 11 alfajiri. Mkaa ukiwa mbichi, macho yanawasha mpaka saa 4. Kila siku iendayo kwa Mungu naulizwa "leo tunakula nini?", na anayeuliza ameshika rimoti.

Kupika kwenyewe nakupenda. Kinachonimaliza ni kukumbuka: chumvi imebaki kiasi gani, wa tatu hali bamia, mama mkwe anataka laini, hela iliyoachwa mezani inafika nyanya ngapi. Kisha kupakua. Baba finyango mbili, watoto moja moja, mgeni moja, mama mkwe ya mfupa. Mimi mchuzi na ukoko, na chai ya rangi juu yake nikiwa nimesimama. Jioni nachoka mpaka mikono inatetemeka, napanda ngazi tatu nahema, nalia bila sababu. Nimeambiwa kanisani kwamba nina roho ya huzuni.

Dogo, unasema "oa utapikiwa". Na mpishi anapikiwa na nani?

Dogo Kibiriti

Nimenyamaza.

Lishe Kwanza

Dada, kabla ya roho ya huzuni, tafadhali nenda kapime damu. Sikutanii.

Uliyoandika hapo ni picha ambayo tunaiona kliniki kila wiki. Mama aliye kwenye umri wa kupata hedhi, nyama hapati, mboga anapata mabaki, na chai anainywa juu ya chakula. Chai inashika madini ya chuma yaliyo kwenye mboga na maharage, mwili unayakosa. Isogeze, iwe saa moja au zaidi mbali na mlo. Limau, embe, chungwa au nyanya mbichi pembeni ya sahani hufanya kinyume chake, huyasaidia yaingie. Upungufu wa damu huleta uchovu, kuhema, kukosa umakini na huzuni ambayo mtu haelewi imetoka wapi. Huwezi kuuombea bila kuupima.

Na mwenye wazee nyumbani: anayetumia metformin kwa kisukari miaka mingi, au asiyekula kabisa nyama, samaki, mayai wala maziwa, apimwe vitamini B12. Ikipungua, miguu hufa ganzi, kumbukumbu hupotea na mtu hununa. Familia inasema ni uzee.

Jambo moja dogo la makande. Magadi yanalainisha haraka, lakini yanaua vitamini B1. Loweka usiku kucha, mkaa utapungua pia.

Mkenya Theluji

Hamjambo wote. Mimi ni Mkenya, niko Minneapolis, nafanya kazi ya kuangalia wazee, sana sana usiku. Miaka miwili ya kwanza nilikuwa nakula ndani ya gari. Burger na kahawa, kwa maegesho, theluji imefunika kioo. Mwanzoni mwa Januari jua linazama kabla ya saa 11 jioni, na mimi nililala mchana, kwa hivyo jua nililisikia tu kwa redio.

Nawaletea kisa cha huku kwetu kwa sababu hakuna anayekitaja. Kuanzia Novemba 1944, chuo kikuu cha hapa Minnesota kilichukua vijana 36 wenye afya, waliokataa vita kwa ajili ya imani, wakajitolea wapunguziwe chakula karibu nusu kwa miezi sita. Aliyeongoza ni Ancel Keys. Walitaka kujua namna ya kulisha watu wa Ulaya baada ya vita. Vijana wakapoteza kama robo ya uzito wao. Lakini kilichonishika mimi ni akili zao. Watu wapole wakawa wakali. Wakaacha kucheka, wakaacha kutaka wasichana, wakajitenga. Walilamba sahani. Na walianza kukusanya vitabu vya mapishi! Mtu analala na kitabu cha mapishi kifuani. Wengi hawakurudia hali yao haraka hata baada ya kushiba.

Mama wa Wanne, nilikusoma nikawakumbuka wale vijana. Kuna mtu anakula kidogo kila siku, na hakuna daktari anayemwandika kwa daftari.

Mimi kilichonisaidia ni sukuma na ugali Jumamosi, na wasichana wengine wawili wa kazini, mmoja wa Kisii, mwingine wa Monrovia huko Liberia. Tunapika kwangu, tunakula, tunateta wakubwa wetu. Singeweza kukuambia ni sukuma ama ni kuteta.

Bi Ukwaju

Kuteta, mwanangu. Kwetu Pemba mtu akila peke yake mlango umefungwa, jirani atagonga amuulize kama anaumwa. Najua udaku nao unaua, lakini sinia lina kazi yake. Aliyekata tamaa humwambii "kula". Unamwekea tonge upande wake wa sinia na unaendelea kuzungumza habari za bei ya karafuu. Atakula bila kujua.

Kaka Mkubwa, yule mdogo wako msimpe sahani peke yake chumbani.

Kaka Mkubwa

Bibi, nimepokea. Kwa kweli tulikuwa tunampelekea chumbani, tukidhani tunamheshimu.

Bachela wa Tabata

Nimepigia mama simu jana usiku kwa sababu ya Mama wa Wanne. Nikamuuliza, "Mama, siku zile za Desemba wewe ulikuwa unakula saa ngapi?" Akacheka, akasema, "Mwanangu unauliza maswali ya sensa." Nikasisitiza. Akasema alikuwa anaonja wakati wa kupika, inatosha.

Nimejaribu kukumbuka kama nilimwona kwenye lile sinia hata mara moja. Naona mikono ya wajomba, naona yangu, naona ya watoto. Mkono wake nauona unaongeza mchuzi tu.

Na mwenzangu wa zamani, ambaye nilimwachia jiko, miaka minne sikuwahi kumuuliza. Hilo naliacha hapa.

Mzee wa Ukoko

Nilikuja na kambi ya kusoma mapishi, nimepimwa mimi. Nina metformin mwaka wa tisa na ganzi ya vidole vya miguu. Jumatatu nakwenda.

Mama wa Wanne

Samahani nimekaa kimya wiki mbili.

Nilipima. Damu 8.9. Nesi akaniambia mwanamke asiye mjamzito inatakiwa isishuke 12, akaniuliza "umefikaje hapa kwa miguu?" Nimepewa vidonge vya chuma, nimeambiwa miezi mitatu, na watatafuta kama kuna minyoo au hedhi inayozidi. Choo kimekuwa cheusi nikaogopa, wakasema ni kawaida ya vile vidonge. Kulia bado, ila jana nilipanda ngazi bila kushika ukuta.

Karatasi ya majibu niliiweka mezani, juu ya rimoti. Mume wangu akaisoma mara mbili. Hakusema kitu siku nzima. Jumapili akaingia jikoni, akafukuza watu wote, akasema anapika yeye makande. Hakuloweka. Akasahau maji. Saa 9 alasiri tulikuwa tunakula kitu cheusi chini, kigumu juu, na mama mkwe amenuna kama mvua ya masika. Alinipakulia mimi kwanza. Finyango mbili, mpaka watoto wakahesabu kwa sauti.

Nilikula nimekaa.

Sasa wataalamu: sufuria yangu kubwa ya aluminiamu imelowekwa tangu Jumapili na bado haijabanduka. Mwenye njia ya kuitoa bila kuichubua aseme mapema, maana Jumapili hii ameahidi kurudia.